Mstari wa Vidole Vitatu

Haya, sogeeni. Mwenye kikohozi akohoe sasa hivi amalize, maana habari hii nikikatizwa katikati naweza nikashindwa kuendelea.

Kulikuwa na nchi moja. Jina lake nimelisahau, na hata ningelikumbuka nisingelitaja, wenyewe ni watu wa kusikia vibaya. Nchi nzuri tu. Ina mito, ina milima, na mawaziri walikuwa wengi kuliko milima. Sio hii yetu, jamani. Hii yetu mimi naijua, mambo hayo haina.

Sasa nchi hiyo ilikuwa haiamini karatasi. Yaani karatasi yenyewe, ile mtu kakuandikia kwa mkono wake, wanayoiita orijino, waliiona kama uvumi. Wanasema, hii kaandika mtu, na mtu anaweza kuandika lolote. Walichoamini ni fotokopi. Fotokopi imepita kwenye mashine ya Serikali, na mashine ya Serikali haina shemeji, hainywi pombe. Kwa hiyo ukizaliwa, fotokopi tatu za kuzaliwa kwako. Ukifa, tatu. Kuna mzee mmoja alikufa mwezi wa pili akaendelea kupiga kura mpaka wa nane, kwa sababu fotokopi za kufa kwake zilitoka mbili tu.

Wilaya nzima ilikuwa na mashine moja, kubwa kama kabati la nguo, imekaa kwenye Ofisi ya Nakala. Na mashine ilikuwa na mtu wake, anaitwa Sapanjo. Fundi. Mrefu, mwembamba, bisibisi iko mfuko wa shati pale wenzake wanapoweka kalamu. Vidole vilikuwa vyeusi kwa tona, ule unga wa wino, hata anawe vipi. Mke wake, Mama Edina, alikuwa anasema, "Vidole ni vya Serikali, mimi nimeolewa na kiganja."

Shule Sapanjo aliishia darasa la nne na nusu. Ila sikio alikuwa nalo. Yuko nje anakunywa chai, mashine inakohoa huko ndani, anaweka kikombe chini anasema, "Rola ya pili hiyo, imevuta karatasi mbili." Anakwenda, anafungua, kweli mbili. Rola ikichakaa anaivika mpira wa tyubu ya baiskeli. Kioo anakifuta kwa spiriti na kipande cha kanga ya mkewe. Kuna waya mwembamba mle ndani, ukiupumulia vibaya unakatika, huo anausafisha kwa unyoya wa kuku. Miaka ishirini na sita alikuwa anafanya hivyo, na barua ya kumshukuru haijaja mpaka leo, labda inasubiri nakala.

Kitu kimoja tu kilimnyima raha. Mle ndani ya mashine kuna bomba linang'aa kama kioo, mafundi wanaliita dramu, ndilo linaloshika sura ya karatasi. Miaka kumi na moja nyuma mkubwa mmoja alipitisha karatasi zake na pini ya stepla humo humo, pini ikaingia, ikaichora dramu. Tangu siku hiyo kila fotokopi ikawa inatoka na mstari mweusi, juu mpaka chini, upande wa kushoto, vidole vitatu kutoka ukingoni. Picha za vitambulisho zilikuwa zinabandikwa huko huko kushoto, basi kwenye makaratasi wilaya nzima ilikuwa na jicho moja moja.

Sapanjo aliona aibu kwa mstari ule kama mtu mwenye kiraka cha suruali mahali pabaya. Kila mwaka aliomba dramu mpya. Kila mwaka alijibiwa kwamba ombi limepokelewa, na barua yenyewe ya jibu ilikuwa na mstari.

*

Jumanne Mama Edina alishindwa kunyanyuka. Tumbo lilikuwa limemvimba kwa miezi, akawa analifunga kwa kanga anaendelea na shughuli. Jumanne hiyo kanga haikutosha. Sapanjo akampeleka zahanati mgongoni.

Daktari akamgusa tumbo, akanawa mikono muda mrefu kuliko kawaida.

"Mzee Sapanjo," akasema, "mimi hapa nina vidonge vya kichwa. Mama huyu anatakiwa apasuliwe, hospitali kubwa. Gari la wagonjwa linaondoka Ijumaa saa nne, hapo hapo uwanja wa ofisi yenu. Likimwacha, lingine ni baada ya wiki mbili."

"Na wiki mbili atazifikisha?"

Daktari akaangalia dirishani. "Fanya iwe Ijumaa," akasema. Akaandika barua ya rufaa, akampa. "Fotokopi tatu, zihakikiwe. Hii ya mkono wangu pale geti la hospitali hawaisomi, hata aliye na miwani."

Sapanjo hakuhangaika kwa hilo. Mtu ana mgonjwa, na mashine ya wilaya nzima iko mikononi mwake, ahangaike nini? Akamlaza mkewe nyumbani, akaenda ofisini na barua kifuani. Akakuta foleni imezunguka jengo mara mbili, na ndani kimya.

"Fundi," mama mmoja kwenye foleni akamwambia, "mashine yako imesema kaa! halafu haikusema tena."

Akafungua. Akaona pale pale. Dramu ile ina gia ya plastiki mwishoni, na gia imekatika meno, imebaki kibogoyo. Dramu haizunguki, na dramu isipozunguka mashine ni kabati.

Akakaa chini kwenye sakafu. Barua ilikuwa inamchoma kifuani kama pasi.

*

Jumatano asubuhi akakumbuka pacha. Mashine ile ilikuwa na pacha wake, toleo lile lile. Waziri aliizindua, utepe ukakatwa, watu wakapiga makofi, halafu ikapelekwa ofisi isiyo na umeme. Ikarudishwa stoo, ikawa inawekewa makombe ya mpira juu yake. Haijawahi kutoa hata karatasi moja.

Sapanjo akaingia stoo bila kuomba ruhusa, maana ruhusa ni karatasi, na karatasi ni fotokopi tatu. Akashusha makombe, akafungua. Dramu iko ndani, na gia yake ina meno yote.

Sasa hapa nisikilizeni. Angeweza kung'oa ile gia tu, akaivisha dramu ya zamani. Kazi ya robo saa. Ila alipoishika ile dramu mpya, laini, haina hata mkwaruzo, akakumbuka miaka kumi na moja ya mstari. Akakumbuka barua ya mke wake. Akajiambia, jina la Mama Edina litoke safi. Kwa huyu mmoja tu, litoke safi. Akaitoa dramu ya zamani akaiegemeza ukutani, akaweka mpya nzima nzima.

Mkimlaumu, mlaumuni taratibu.

Akawasha. Mashine ikanguruma kama paka aliyeshiba. Akalaza barua kwenye kioo, akabonyeza. Ikatoka ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nyeupe, herufi zimesimama, hata ile nukta ya daktari ilionekana. Sapanjo akafuta macho kwa mkono wa shati, akatoka nazo nje amezinyanyua juu watu waone.

Yule mama wa jana kwenye foleni akasogea, akaichungulia moja.

"Fundi," akasema kwa sauti ya chini, "mbona imetoka uchi?"

*

Kwenye dirisha la uhakiki alikuwa anakaa Bi Nemela. Mwanamke mpole, hana neno na mtu, kila mwaka anampa Sapanjo maandazi ya sikukuu. Akazipokea zile fotokopi, akazigeuza, akazinyanyua kwenye mwanga.

"Mzee Sapanjo, mstari uko wapi?"

"Nimeuondoa."

"Umeuondoa."

"Miaka kumi na moja, Bi Nemela. Si unajua nilivyokuwa nahangaika nao."

Bi Nemela akatazama kulia, akatazama kushoto, akafungua mtoto wa meza akatoa karatasi. "Huu ni Waraka Namba Tisa. Una miaka minane. Unasema Mstari ndiyo alama ya nakala halali ya nchi hii. Unasema uwe vidole vitatu kutoka ukingoni, vidole vya Mkurugenzi. Unasema nakala isiyo na Mstari ni ya kughushi na aliyenayo ni adui."

"Sijawahi kuuona."

"Hujawahi kuuona? Wewe ndiye uliyeutoa, Mzee wangu. Nakala mia nne, umesimama pale pale siku nzima."

Sapanjo akautazama ule waraka. Ni kweli, aliukumbuka. Aliukumbuka wino wake, ulikuwa umefifia kona ya chini, akatikisa tona ukakaa sawa. Maneno hakuyasoma. Fundi hasomi, fundi anaangalia wino.

"Bi Nemela, mke wangu anakufa."

"Najua, baba." Na kweli alikuwa anajua, macho yalishamjaa maji. "Ila nikizigonga muhuri hizi, getini watamkamata akiwa kwenye machela. Rudisha dramu ya zamani, mimi nakusubiri, sifungi dirisha."

Kumbe ni kazi ya robo saa tu, kuivisha ya zamani ile gia nzima. Sapanjo akarudi ndani mbio. Ukutani pale alipoiegemeza dramu ya zamani palikuwa patupu.

*

Habari ilikuwa imekimbia kwa mkubwa. Mkubwa wa ofisi alikuwa Mheshimiwa Kihongwe, Mkurugenzi wa Nakala na Mfano Wake. Mnene, mzuri, anapenda watu. Alikuja na walinzi, wakaifunga ile dramu kwenye bendera, wakaipeleka ukumbini, wakaiweka kwenye sanduku la kioo. Alhamisi nzima ikawa ya hotuba.

"Ndugu wananchi," Mheshimiwa akasema, "mataifa mengine yana almasi. Mataifa mengine yana mafuta. Sisi tuna Mstari. Hiki chombo mnachokiona ndicho kilichouzaa. Wapo waliotaka kutuambia kuwa Mstari ni ubovu. Nawauliza, ubovu gani unanyooka namna hii?"

Watu wakapiga makofi. Wengine walilia. Sapanjo naye alilia, wakamsifia.

Hotuba ilipokwisha akapenya katikati ya walinzi, akapiga magoti.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba, Mzee. Nyanyuka, wewe ni mtu wetu."

"Naomba niazime hiyo dramu robo saa tu. Natoa karatasi tatu, narudisha. Walinzi waje wakae nayo humo humo kwenye mashine. Nina mgonjwa, Mheshimiwa, gari ni kesho."

Mheshimiwa akamwekea mkono begani kwa upendo kabisa. "Mzee Sapanjo. Historia haiazimwi."

"Sasa nifanyeje?"

"Serikali haijakukataza kuwa na Mstari. Una mashine, una mikono. Utengeneze."

*

Ijumaa saa mbili asubuhi Sapanjo akamleta mkewe kwa toroli lile la kubebea maboksi ya karatasi, akamkalisha kwenye benchi la barazani. Mama Edina alikuwa na rangi ya majivu, lakini mdomo wake ulikuwa mzima.

"Baba Edina, nimekuwa boksi."

"Tulia mama. Dakika chache."

"Hizo dakika zako nazijua. Uliniambia dakika chache mwaka ule unakwenda kutengeneza feni."

Gari la wagonjwa lilikuwa limeshafika uwanjani, dereva anafuta kioo. Ndilo gari pekee wilayani lenye king'ora.

Sapanjo akaingia ndani, akafungua mashine. Akachukua pini ya stepla. Huyu ni mtu aliyeandika ukutani kwa mkono wake PINI NI SUMU, aliyekuwa anapapasa karatasi za watu moja moja kabla ya kuziingiza. Akapima kwenye fotokopi ya zamani ulipokuwa mstari, akaweka alama. Akaichora dramu safi. Ikalia kidogo, kama panya.

Akatoa nakala tatu. Mstari umesimama vilevile, huwezi kutofautisha na wa zamani. Akampelekea Bi Nemela, Bi Nemela akatabasamu mara ya kwanza tangu Jumatano.

"Huo hapo," akasema. "Ila kwa kuwa dramu ni mpya, Mkurugenzi lazima apime mwenyewe kwa vidole vyake. Waraka unasema hivyo."

Mheshimiwa akaja, akavua pete, akaweka vidole vitatu kwenye karatasi. Mstari ukajificha wote chini ya kidole cha tatu.

"Umekosea, Mzee. Umeuweka ukingoni mno."

"Mheshimiwa, nimepima kwenye ule wa zamani. Ni pale pale."

Bi Nemela akainamisha uso. Wote walikuwa wanajua shida iko wapi, hakuna wa kuisema. Waraka una miaka minane, na miaka minane Mheshimiwa amekula vizuri. Vidole vimenenepa.

Sapanjo ndiye aliyesema, maana hakuwa na la kupoteza. "Labda vidole vya Mheshimiwa vimeongezeka."

Hata dereva nje akaacha kufuta kioo.

"Vidole vya Mkurugenzi," Mheshimiwa akasema polepole, "ni kipimo cha Serikali. Kipimo hakiongezeki. Karatasi ndizo zilizopungua."

Saa tatu na nusu. Sapanjo akarudi. Akaichora dramu tena, mbali kidogo na ukingo kuliko mchoro wa kwanza, akiacha nafasi ya ule unene. Akajua kabisa kwamba mchoro wa kwanza haufutiki, ila akaomba Mungu wasione. Akatoa tatu.

Mistari ilikuwa miwili.

Akazipeleka hivyo hivyo, amefumba macho nusu, kama mtu anayepeleka chakula kilichoungua. Bi Nemela akazipokea, akaziangalia, akasimama. Akasimama wima, mikono ubavuni. Mheshimiwa akamnyang'anya, akaangalia, na yeye, amini msiamini, akavua kofia.

"Mstari mmoja," akanong'ona, "ni karatasi ya mwananchi. Barua yangu mimi ya kuteuliwa ina mmoja. Hii ina miwili." Akazilaza mezani kwa mikono yote miwili kana kwamba zina homa. "Hii imenizidi cheo."

"Basi zigongwe muhuri," Sapanjo akasema. "Kama ni halali, zigongwe."

"Muhuri wangu? Juu ya hii? Mzee, unataka nifungwe? Karatasi ya ngazi hii inakwenda kwa Mkuu wa Nchi mwenyewe. Na inakwenda leo."

"Inakwenda hospitali, Mheshimiwa. Isome. Ni barua ya tumbo la mke wangu."

"Mimi sina kibali cha kuisoma. Nemela, karatasi ya ngazi hii inasafirije?"

Bi Nemela alikuwa analia waziwazi sasa, lakini alikuwa karani mzuri, na majibu yalimtoka yenyewe. "Kwa king'ora, Mheshimiwa."

Wote wakageuka kutazama uwanjani.

*

Walizilaza zile karatasi kwenye machela. Walizifunika shuka, wakazifunga mikanda miwili zisianguke kwenye mashimo. Mlinzi mmoja akakaa kichwani, mmoja miguuni. Sapanjo alishika mlango wa gari kwa mikono yote.

"Mpakieni na yeye. Atakaa chini, kwenye sakafu. Yeye ndiye mgonjwa."

"Haiwezekani mwananchi kukaa na karatasi hiyo chumba kimoja," Mheshimiwa akasema. Akamwonea huruma kweli, msimseme vibaya. Akashusha sauti. "Mzee Sapanjo, usikate tamaa. Jina lake limo. Ugonjwa wake umo, na mwandiko wa daktari umo. Sehemu muhimu ya mgonjwa inasafiri."

Wakamtoa vidole mlangoni kimoja kimoja, vikaacha alama nyeusi kwenye rangi nyeupe. Gari likawasha king'ora. Likazunguka uwanja, likakata kulia, barabara ya mji mkuu. Hospitali ilikuwa kushoto.

Foleni yote ilisimama kwa heshima mpaka vumbi likatulia.

Sapanjo akarudi barazani. Mama Edina alikuwa ameegemea ukuta, amefumba macho, mikono imekumbatia tumbo.

"Gari letu limekwenda?" akauliza.

"Limekwenda."

"Na mimi?"

Sapanjo akakaa karibu yake kwenye benchi. Mama Edina akafumbua jicho moja, akaviangalia vidole vya mumewe.

"Bisibisi unayo?" akasema. "Basi nifungue wewe. Kila siku unafungua."

Alikuwa anatania. Nadhani alikuwa anatania. Sapanjo akaitoa bisibisi mfukoni, akaitazama, akaiweka chini ya benchi taratibu, kisha akamnyanyua mke wake akamlaza kwenye toroli, magoti juu, kichwa kwenye boksi tupu. Kilomita thelathini na moja hadi lile geti la watu wasiosoma orijino. Kifuani alikuwa na barua ya mkono wa daktari, haina mstari hata mmoja. Akaanza kusukuma. Gurudumu moja lilikuwa linalia, na akiwa anasukuma alikuwa anamwambia, "Beringi hiyo, mama, ni grisi tu, ni grisi tu."

Alipopita kwenye foleni watu walisogeza miguu. Mtu mmoja, mstaarabu kabisa, akamgusa bega.

"Samahani, Mzee. Wewe nafasi yako unaiacha?"

Kama walifika, sikuambiwa, na niliuliza sana. Nilichoambiwa ni kwamba foleni ilisogea hatua moja, na waliokuwa nyuma wakashukuru.